Seva ya Debian inasema diski imejaa, lakini mafaili yaliyomo hayafiki hata nusu

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumatatu, saa 3:40 asubuhi)

Ndugu zangu, salaam. Nina steshenari hapa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, yenye kompyuta nne za wafanyakazi na ya tano ambayo tumeifanya seva. Seva hiyo inaendeshwa na Debian 12 isiyo na madirisha, kazi zote zikifanyika kwa kuandika amri, na imewekewa Samba ili kompyuta zote nne zione folda moja ya kazi za wateja. Niliisimika mwenyewe kwa kusoma na kuulizauliza, na kwa mwaka mzima haijawahi kunisumbua.

Ijumaa jioni, wakati wanafunzi wamejipanga hadi barazani na ripoti zao za mafunzo kwa vitendo, kijana wangu wa mezani aliniambia kwamba kila anapohifadhi faili anajibiwa kuwa hakuna nafasi. Niliingia kwenye seva na kuuliza hali ya diski kwa amri hii:

df -h /

Nilijibiwa kwamba diski ina ukubwa wa 219G, zilizotumika ni 208G, na iliyobaki ni 0. Basi nikataka kujua ni folda gani iliyonenepa:

sudo du -xsh /

Jibu lilikuwa 84G. Nimerudia mara tatu, na leo asubuhi nimerudia tena, namba ni zilezile. Ukitoa 84 katika 208 unabaki na gigabaiti 124 ambazo diski inasema zimetumika lakini sizioni katika folda yoyote. Nimehamisha kazi chache za zamani ili wafanyakazi wapate pa kuhifadhia kwa leo, na sijathubutu kuizima seva nisije nikashindwa kuiwasha huku wateja wamejaa.

Niongeze kwamba nakala rudufu ya kazi zote hutengenezwa kila usiku saa mbili na kuwekwa kwenye diski ya nje ya terabaiti 2, ambayo hupachikwa katika /mnt/nakala, na script (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) hufuta nakala zilizozidi siku 30. Diski hiyo bado ina nafasi tele, kwa hiyo sidhani kama inahusika. Naombeni msaada.

Fundi wa Manyoni (Jumatatu, saa 4:15 asubuhi)

Pole sana, mama. Mara nyingi seva ikijaa chanzo huwa ni kumbukumbu za mfumo, vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kuachwa, pamoja na keneli (viini vya mfumo) za zamani zinazobaki baada ya masasisho. Mimi huanza na amri hizi tatu, ambazo hazigusi faili lolote la mteja:

sudo journalctl --vacuum-size=200M
sudo apt clean
sudo apt autoremove --purge

Kabla ya kukubali ile ya tatu, soma orodha ya vitu inavyotaka kuondoa, kwa sababu nimewahi kubonyeza "Y" kwa haraka nikaondoa kitu nilichokuwa bado nakihitaji.

Mtunza Seva, Area C (Jumatatu, saa 5:02 asubuhi)

Ushauri wa Fundi ni mzuri kama usafi wa kawaida, lakini kwa tatizo hili hautafika mbali. Kumbukumbu za systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, zina kikomo chake zenyewe hata kama hukuwahi kukiweka: haziruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya diski, wala kuvuka gigabaiti 4. Hata zikifutwa zote, hazitatupa 124. Na la msingi zaidi ni kwamba kumbukumbu hizo, vifurushi na keneli, vyote vimo ndani ya zile 84 ambazo du imekwisha kuzihesabu. Tusitafute kitu kikubwa, tutafute kitu ambacho du haiwezi kukiona.

Amri hizi mbili hazihesabu kwa namna moja. Ile df humuuliza mtunza diski mwenyewe ni vipande vingapi amekwisha kuvigawa, naye hujibu kwa kuangalia daftari lake. Ile du hupita folda kwa folda kama karani wa sensa, ikihesabu kila faili inalolikuta. Zikipishana kwa kiasi kidogo si neno. Zikipishana kwa gigabaiti 124, kuna nyumba ambayo karani hakuipata mlango.

Nazijua nyumba za namna hiyo za aina mbili. Ya kwanza ni faili lililofutwa huku programu fulani ikiwa bado imelishikilia: jina lake limetoka kwenye folda, lakini nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ifungwe au ianzishwe upya. Mafaili hayo huonekana kwa amri hii:

sudo lsof +L1

Tazama safu ya ukubwa. Ukikuta faili kubwa, anzisha upya huduma inayolishika tu, kwa mfano sudo systemctl restart smbd kwa Samba, badala ya kuzima seva nzima. Tuletee majibu ndipo tuingie kwenye ya pili, maana kwa maelezo yako naishuku zaidi hiyo ya pili.

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumatatu, saa 7:20 mchana)

Nashukuru, kaka. Nimeendesha lsof kama ulivyoelekeza, yametokea mafaili mawili tu na yote kwa pamoja hayafiki hata megabaiti moja. Usafi wa Fundi pia nimeufanya, nao umenirudishia karibu nusu gigabaiti. Hiyo aina ya pili ni ipi?

Mtunza Seva, Area C (Jumatatu, saa 7:48 mchana)

Aina ya pili ni mafaili yaliyofunikwa. Katika Linux, /mnt/nakala ni folda ya kawaida iliyomo ndani ya diski ya seva, na diski ya nje inapopachikwa hapo huifunika folda hiyo kama mkeka unavyofunika sakafu, hata kilichokuwa sakafuni kisionekane tena. Sasa fikiria usiku ambao diski ya nje haipo, ama umeme wake umekatika ama waya umelegea. Script yako haijui hilo. Inaona folda iitwayo /mnt/nakala, inaandika humo nakala nzima bila kulalamika, na nakala hiyo inaangukia kwenye SSD, yaani diski ya ndani ya seva. Kesho yake diski ya nje inarudi, inajipachika juu, na nakala ya jana inafunikwa. df inaihesabu kwa sababu inakalia diski, lakini du haina njia ya kuifikia.

Ungeweza kuipachua diski ya nje kwa umount na kutazama chini yake, lakini ipo njia isiyobughudhi kitu chochote, nayo ni kuifungulia diski ya seva mlango wa pili:

sudo mkdir /chini
sudo mount --bind / /chini
sudo ls -lh /chini/mnt/nakala

Unachokiona kupitia /chini ni diski yenyewe ya seva bila vile vilivyopachikwa juu yake. Hapa naomba uwe mwangalifu mno: /chini si nakala, ni diski ileile halisi, na ukiandika rm -r /chini utakuwa umeifuta seva yako nzima. Ukimaliza, andika sudo umount /chini, kisha uiondoe folda kwa rmdir, ambayo hukataa kufuta folda isiyo tupu. Amri hiyo ya kukataa imekwisha kuniokoa zaidi ya mara moja.

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumatatu, saa 8:31 mchana)

Kaka, yapo! Kwanza nilikimbilia kuipachua diski ya nje kwa umount kabla sijamaliza kusoma ujumbe wako, nikaambiwa kuwa inatumika. Nikahangaika robo saa nikitafuta anayeitumia, kumbe ni mimi mwenyewe, nilikuwa nimeingia ndani ya /mnt/nakala kwa cd na kusahau kutoka. Kwa njia ya /chini nimeyaona mafaili manne yaliyojipanga, kila moja 31G, na nne mara 31 ni 124 kamili. Ni nakala za usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi za wiki iliyopita, na zote zinaonyesha saa mbili kama nilivyopanga. Je, niyafute sasa hivi?

Mwalimu wa Kongwa (Jumatatu, saa 9:10 alasiri)

Usiyafute kwanza, dada. Ikiwa nakala za siku hizo nne ziliangukia kwenye seva, basi katika diski ya nje hazipo, na ukizifuta utabaki na pengo la siku nne katika wiki ambayo wanafunzi walileta kazi nyingi. Zihamishe. Amri hii hunakili kila faili na kulifuta la zamani baada tu ya jipya kufika salama:

sudo rsync -av --remove-source-files /chini/mnt/nakala/ /mnt/nakala/

Kabla ya hapo hakikisha kwa findmnt /mnt/nakala kwamba diski ya nje imepachikwa kweli, la sivyo utakuwa unahamisha maji kutoka ndoo ile kurudisha kwenye ndoo ileile.

Jambo la pili ni hiyo "saa mbili". Tafadhali tuonyeshe mstari wako wa cron, ile inayoendesha kazi kwa ratiba, kwa sababu nina wasiwasi nao.

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumatatu, saa 9:22 alasiri)

Mwalimu, mstari ni huu:

0 2 * * * /usr/local/bin/nakala.sh

Dukani tunafunga saa moja usiku, nikaona saa mbili itakuwa kumetulia.

Mwalimu wa Kongwa (Jumatatu, saa 9:35 alasiri)

Ndivyo nilivyodhani. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 2 yake ni saa nane ya usiku wetu, na hata ls inapokuonyesha 02:00 inamaanisha saa nane. Kwa saa mbili usiku unapaswa kuandika 20:

0 20 * * * /usr/local/bin/nakala.sh

Usione haya, kwani mimi niliwahi kuzipanga kompyuta za darasa zijizime saa 4, nikitaka ziwe zinazimika saa nne usiku baada ya prepo, nazo zikawa zinangoja mpaka saa kumi alfajiri huku luku ikiteketea. Hapo hapo hakikisha kwa timedatectl kwamba seva iko kwenye saa za Africa/Dar_es_Salaam, maana ikiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, utakuwa nyuma kwa saa tatu nyingine.

Swali langu sasa ni hili: kitu gani hutokea dukani kwako saa nane za usiku ambacho hakitokei saa mbili?

Mtunza Seva, Area C (Jumatatu, saa 10:05 alasiri)

Swali la Mwalimu ni zuri, na seva yenyewe inaweza kulijibu, kwa kuwa systemd huandika kila mara diski inapopachikwa au kupachuliwa. Jina la kipachiko hufuata njia ya folda, mkwaju (/) ukigeuzwa kuwa kistari:

sudo journalctl -u mnt-nakala.mount --since "10 days ago"

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumanne, saa 2:15 asubuhi)

Nimesoma kumbukumbu hizo jana jioni nikacheka peke yangu. Kila usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, diski ilipachuliwa kati ya 22:00 na 22:30, yaani saa nne na kitu, na kupachikwa tena alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Mtu alikuwa akiichomoa na kuirudisha kwa ratiba.

Mzee wetu mlinzi hulala katika chumba cha nyuma, na soketi ya chumba chake iliungua Jumapili ya wiki ile. Akawa anakuja kwenye ekstensheni iliyo chini ya meza ya seva, anachomoa adapta moja asiyoijua kazi yake, anachomeka chaja ya simu, na alfajiri anairudisha adapta mahali pake kwa uaminifu kabisa. Ijumaa alikuwa na ruhusa, amekwenda msibani Mpwapwa, ndiyo maana nakala za mwisho wa wiki zilikwenda zinakotakiwa. Nilipomuuliza alisema, "Mama, mimi niliona ile taa ya bluu haina kazi usiku." Siwezi kumlaumu, kwa sababu sikuwahi kumwambia.

Mafaili yote manne nimeyahamisha. Sasa nisaidieni nifanye nini ili jambo hili lisijirudie hata mtu akichomoa tena.

Mtunza Seva, Area C (Jumanne, saa 3:30 asubuhi)

Weka kinga mbili, maana moja peke yake ipo siku itasahaulika. Ya kwanza ni katika script. Mstari huu uwe juu kabisa, kabla ya tar inayofunga nakala na kabla ya ile find inayofuta nakala za zamani:

mountpoint -q /mnt/nakala || { logger "nakala: diski ya nje haipo"; exit 1; }

Maana yake ni kwamba kama hakuna kitu kilichopachikwa hapo, andika taarifa kwenye kumbukumbu za mfumo kisha uache kazi.

Ya pili ni kuifunga folda iliyo chini, ili hata script nyingine ikikosea isiweze kuandika humo. Kwa kuwa mlango wa /chini bado uko wazi, na folda sasa ni tupu, andika:

sudo chattr +i /chini/mnt/nakala

Alama hiyo humzuia hata mtumiaji mkuu kuunda faili ndani ya folda hiyo, lakini haizuii diski ya nje kupachikwa juu yake. Kwangu mimi hii ndiyo kinga bora kuliko zote, kwa sababu haitegemei kumbukumbu ya mtu. Baada ya hapo funga /chini kwa umount na rmdir.

Katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa, ikiwa uliandika diski ya nje kwa jina kama /dev/sdb1, ibadilishe uitaje kwa UUID, namba yake ya utambulisho, ambayo utaiona kwa lsblk -f, kwa sababu diski inayochomolewa na kurudishwa inaweza kurudi ikiitwa sdc. Mstari uwe na neno nofail:

UUID=(weka yako) /mnt/nakala ext4 defaults,nofail 0 2

Bila nofail, siku umeme ukirudi na diski ya nje haijawaka, seva itaisubiri kisha itakwama katika hali ya dharura, na duka litakuwa limesimama kwa ajili ya diski ya nakala. Diski hiyo pia imechomolewa ghafla mara nne, hivyo ipachue siku moja jioni uikague kwa fsck -f kabla hujaiamini tena. Na adapta yake iwe kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na seva. Dodoma hii umeme ukikatika kidogo tu, seva iliyo kwenye UPS hubaki hai na diski iliyo ukutani huanguka, ukarudi palepale ulipotoka.

Fundi wa Manyoni (Jumanne, saa 4:12 asubuhi)

Nimejifunza. Niulize na mimi: 219 ukitoa 208 zinabaki 11, mbona df ilisema zilizobaki ni 0? Nimesoma mahali kwamba nafasi hiyo inaweza kurudishwa kwa amri ya tune2fs.

Mtunza Seva, Area C (Jumanne, saa 4:40 asubuhi)

Mfumo wa mafaili wa ext4 humtengea mtumiaji mkuu peke yake asilimia 5 ya diski. Wafanyakazi wa mama waligota kwenye 0 wakati yeye aliweza kuingia na huduma za mfumo ziliendelea kuandika, na sababu ni hizo 11. Kwenye diski ya mfumo usiziguse. Kwenye diski ya nje, ambako asilimia 5 ya terabaiti 2 ni gigabaiti 100 zinazokaa bure, hapo sawa, tumia tune2fs -m 1.

Mwalimu wa Kongwa (Jumanne, saa 6:50 mchana)

Naongeza neno moja kwa dada. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Chagua mojawapo ya yale mafaili manne, orodhesha yaliyomo kwa tar -tzf, kisha toa faili moja la mteja uliweke kwenye folda ya majaribio na ulifungue kabisa, ulitazame kurasa zake. Diski moja inayokaa meza moja na seva pia haitoshi, kwani mwizi au moto haviachi kimoja. Nunua ya pili uwe unaipeleka nyumbani, lakini kwa kuwa ndani yake mna vyeti na vitambulisho vya watu mlivyoskani, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hiyo inayosafiri uifunge kwa LUKS, yaani usimbaji wa diski nzima, kabla hujaiandikia chochote.

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona (Jumatano, saa 2:50 asubuhi)

Nimefanya yote isipokuwa diski ya pili, ambayo nitainunua mwisho wa mwezi. Jana usiku nilibaki dukani mpaka saa mbili na dakika tano, nikaichomoa adapta kwa makusudi kabla ya wakati, na script ikaandika "diski ya nje haipo" na kukoma. Nikairudisha, nikaiendesha kwa mkono, na nakala ikaenda inakotakiwa. Nimejaribu pia faili la Jumatano ya wiki iliyopita: ripoti ya mwanafunzi mmoja imefunguka, kurasa zote 46 zimo.

Leo df inasema zilizotumika 84G, zilizobaki 124G. Fundi wa umeme ameitengeneza soketi ya mzee, na kwenye adapta ya diski nimebandika karatasi yenye maneno mawili kwa herufi kubwa: USICHOMOE, BABU.